Ukurasa wa Shukrani

Kuna visasi vya kutafutwa kwa tochi, mtu akazunguka mpaka viatu vikaisha soli. Cha Bi Mkasi kilijileta chenyewe, siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, kimevaa tai, kimekumbatia faili la bluu, na kimesindikizwa na mama yake mzazi.

Habari alizipata kwa Redio. Huyu alikuwa dada wa mapokezi, na ofisi nzima ilimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliingia bila kubisha, akausukuma mlango kwa kisigino, akaegemea kabati.

"Shoga, yule mtu wako wa hesabu amefika."

"Si mtu wangu."

"Haya, yule mtu wa hesabu asiye wako amefika. Mrefu! Hukuniambia kama ni mrefu. Halafu amekuja na mama yake. Daktari mzima wa hesabu, anakuja kuomba ufadhili na mama! Na mama mwenyewe ameketi pale kama aliyenunua jengo, ananiuliza kwa nini tumeweka maua ya plastiki."

Bi Mkasi aliiweka kalamu mezani taratibu. "Miwani yake ina kamba ya dhahabu?"

"Eeh! Kumbe unamjua?"

"Simjui," akajibu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile, na siku ilikuwa bado mbichi.

Jina la Mkasi alipewa na wenzake kazini. Kampuni moja ya bima ilikuwa na mfuko wa elimu, na kazi yake pale ilikuwa kuyasoma maombi ya watu wanaotaka kufadhiliwa makongamano, akakata kila kisicho na maana. Wataalamu wa udongo waliomba suti za wajumbe, akakata. Wataalamu wa lishe wakaomba keki ya ghorofa tatu. Akakata ghorofa zote, akawaachia chai. Maombi yaliingia kwake yamenona, yakatoka yamekonda kama yaliyolazwa wodini.

Lakini miaka saba nyuma hakuwa Mkasi wa mtu yeyote. Alikuwa msichana wa kuchapa katika duka la shangazi yake la kutoa kopi, mkabala na geti la chuo. Ndipo siku moja akaingia kijana na rundo la karatasi zenye mwandiko kama kuku amepita juu yake. Tasnifu ya uzamili, akasema. Uchanganuzi changamano. Wachapaji watatu walikuwa wameshamfukuza.

Yeye hakumfukuza. Wakakaa bega kwa bega miezi minne, kijana akitaja alama moja moja, msichana akiitafuta kwenye kompyuta kama mtu anayechambua mchele. Kijana alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwa akiweka nukta mwishoni mwa sentensi.

"Nukta," msichana alikuwa akimkumbusha.

"Kwenye hesabu mtu hamalizi."

"Kwenye sentensi mtu anamaliza. Nukta."

Hata kijana akaanza kumwita msichana hivyo. Nukta, umekula? Nukta, kesho nije saa ngapi? Walipofika ukurasa wa tisini alikuwa ameshamwambia kwamba atamwoa. Walipofika wa mia na thelathini alimpeleka nyumbani kwao.

Huko ndiko alikokutana na Mama Profesa. Jina hilo yule mama alijipa mwenyewe, tangu mwanawe yuko darasa la nne na hajui hata kufunga kamba za viatu. Alimtazama msichana kuanzia utosini, akashuka hadi kwenye kucha za miguu, akapanda tena, kisha akasema mbele yake, bila kupunguza sauti:

"Mwanangu, mchapaji hulipwa. Haolewi."

Na kijana? Kijana alitazama viatu vyake.

Siku tatu baadaye alileta dukani karatasi ya mwisho ya tasnifu, ukurasa wa shukrani. Hakukaa bega kwa bega siku hiyo. Alisimama nje akijifanya anasoma matangazo ukutani. Msichana akachapa. Alimshukuru Mungu. Akamshukuru mama. Akamshukuru msimamizi wake, mkutubi, mlinzi wa geti, rafiki wa chumbani aliyemvumilia kwa taa. Akamshukuru jirani kwa jenereta yake, na jenereta ikatajwa mpaka rangi. Msichana alishuka mstari kwa mstari akijitafuta, mpaka mistari ikaisha. Hakuwemo. Kurasa mia moja arobaini na mbili zilikuwa zimepita kwenye vidole vyake, na jenereta imemshinda.

Aliweka nukta mwishoni. Akatoa nakala mbili. Moja akampa, nyingine akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Kijana akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea udaktari, akaondoka bila kuaga. Msichana akaanza masomo ya jioni. Tangu hapo alikuwa amebadilisha mikoba mitano, na kila aliponunua mpya, kitu cha kwanza kuhamia humo kilikuwa ile karatasi.

Sasa amekuja.

"Usimnyime mlangoni," shangazi alikuwa amemwambia asubuhi ile, akimfunga zipu ya gauni. "Aliyenyimwa mlangoni huenda akasema hakuwa na njaa. Mwache aingie, aketi, avute harufu ya mchuzi. Ndipo ufunike sufuria."

"Shangazi, wewe una roho mbaya."

"Roho yangu nzuri. Kumbukumbu ndiyo mbaya, haisahau."

Basi ripoti ya Bi Mkasi ilikuwa tayari tangu jana, imeandikwa chini kwa herufi kubwa: HAIFAI. Kilichobaki ni fomu moja tu. Kila mjumbe wa kamati alitakiwa kuijaza asubuhi ya kikao: *Je, una undugu, urafiki au uhusiano wowote, wa sasa au wa zamani, na mwombaji?* Akisema ndiyo, anatoka chumbani na ripoti yake haisomwi. Akisema hapana halafu ikajulikana, anajua mwenyewe.

Alishika kalamu, akaizungusha. Kutoka chumbani? Miaka saba amelinoa panga, leo shingo imekuja, yeye atoke nje akanywe maji?

Akatia alama kwenye *Hapana*, akamtilia Redio fomu kiganjani. "Peleka."

"Na mwombaji naye anajaza yake," Redio akasema akiwa mlangoni. "Nimempa pamoja na orodha ya wajumbe. Ameishikilia ile orodha, shoga, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali."

* * *

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mwenye mazoea ya kusoma kila karatasi kwa sauti, hata bei iliyoandikwa kwenye chupa ya maji. Wa pili alikuwa Bi Mkasi. Wa tatu Mhasibu, mtu mnene mwenye mafua yasiyoisha.

Profesa aliingia. Sasa alikuwa daktari kweli, lakini jina la utani la mama yake lilikuwa limeshamganda. Bi Mkasi alikuwa amekiota kitambo hiki kwa namna mia moja: katika moja anadondosha faili, katika nyingine magoti yanamlegea. Hakudondosha kitu.

"Shikamoo Mzee. Habari za asubuhi, mabwana. Bibi."

Macho yakapita kwa mzee, yakapita kwa Mhasibu, yakafika kwake, yakakaa. Yalikaa mahali ambapo macho ya mgeni hayakai. Amepata mvi mbili juu ya sikio, Bi Mkasi aliona, na akajikasirikia kwa kuziona.

"Keti," akasema. "Tuna maombi mengine manne."

Profesa akaeleza. Kongamano la siku nne la uchanganuzi changamano. Mgeni msemaji ni bibi wa miaka themanini aliyemfundisha mwalimu wake, na amesema hii ndiyo safari yake ya mwisho. Wanafunzi kumi na wanane watatoka katika vyuo visivyo na hata mwalimu mmoja wa somo hilo. Wafadhili wengine sita wamekataa. "Mkikataa na ninyi," alisema, "hakuna wa nane."

Mhasibu alipenga kamasi. "Humu nimeona mnashughulika na namba za kufikirika. Sasa, Daktari, sisi tutoe pesa za kweli kwa namba za kufikirika?"

Mwenyekiti akacheka mpaka meno ya bandia yakagongana. Profesa naye akatabasamu.

"Mzee, jina hilo zilipewa na watu waliozionea. Jina baya likishakukaa halitoki. Lakini hesabu za umeme unaowasha taa hii zinapita humo humo."

"Waliozionea," Bi Mkasi alirudia. "Kumbe unajua maana ya kuonea."

Bi Mkasi akafungua ukurasa wa nne wa maombi, taratibu, kama mtu anayemenya chungwa asilotaka kumgawia mwingine.

"Umeomba nauli na malazi ya wanafunzi kumi na wanane. Majina yao yako wapi?"

"Bado hatujawachagua."

"Kwa hiyo ni watu kumi na wanane wasio na majina. Ni tabia yako kuwasahau watu kwenye karatasi, au leo imetokea tu?"

"Ni tabia yangu," Profesa alijibu kwa sauti ya chini. "Ninajitahidi kuiacha."

Hilo hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa visingizio, si kwa hili. Akapindua ukurasa kwa nguvu. "Hapa umetaja kitu kinaitwa mabaki. Waeleze wajumbe. Kwa lugha ya watu, tafadhali, si ya ukurasa wa themanini na saba."

Profesa aliinua uso ghafla. Maombi yake yalikuwa na kurasa kumi na mbili tu. Ukurasa wa themanini na saba ulikuwa wa tasnifu, na katika chumba kile watu wawili tu waliujua.

"Ni hivi," akasema, na ingawa alianza akimwelekea Mwenyekiti, hakumalizia kwake. "Kuna mahali hesabu inapasuka. Ukipakanyaga, kila kitu kinaharibika. Basi hupakanyagi. Unapazunguka kwa mbali, polepole, mpaka unarudi ulipoanzia. Ukifika, unakuta mkononi umekusanya kitu. Hicho kitu ndicho kinakuambia katikati kuna nini, japo hukuwahi kupagusa."

"Na kama katikati hapana kitu?"

"Basi ningerudi na sifuri." Akaliweka faili mezani. "Nimezunguka miaka saba. Sijarudi na sifuri."

Mhasibu aliacha kupenga. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kama mtu anayeangalia mpira wa meza.

"Mfano mzuri," Bi Mkasi alisema kwa ubaridi, ingawa chini ya meza alikuwa ameshika kitambaa cha gauni kwa ngumi. "Lakini wengine hawakuwa na nafasi ya kuzunguka kwa mbali. Waliachwa wamesimama palepale katikati. Mwenyekiti, tupige kura?"

"Kabla ya kura, fomu," mzee alisema, akajivutia kabrasha. Utaratibu wake ulikuwa huo, na hakuna aliyewahi kumtoa kwenye utaratibu. "Nasoma. Mjumbe wa kwanza, ambaye ni mimi: hapana. Mjumbe wa tatu: hapana. Mjumbe wa pili: hapana. Fomu ya mwombaji: *Ndiyo.*"

Akasita. Akairekebisha miwani. Mtu mwingine angeisoma kimoyomoyo, lakini mwalimu mkuu hakuwa amejaliwa kipaji hicho.

"*Ndiyo. Mjumbe wa pili. Alichapa tasnifu yangu yote. Nilimwahidi ndoa. Mama yangu alimtukana mbele yangu nikanyamaza, kisha nikamwacha bila neno. Hajawahi kunikosea. Naomba asitolewe chumbani. Akininyima, ana haki, na mimi sitakata rufaa*" Mzee alipumua. "Hakuweka nukta mwishoni."

Bi Mkasi alimgeukia Profesa. Mjinga huyu! Mtu gani duniani anayeandika ukweli kwenye fomu? Miaka saba amekaa kimya palipohitaji neno, leo ametapika maneno palipohitaji kimya.

"Binti," Mwenyekiti alisema, na hakukuwa na kicheko tena. "Fomu mbili hizi haziwezi kuwa kweli zote. Kuna mmoja kati yenu amedanganya, na kwa uongo huu mtu hupoteza kazi. Wewe umesema hapana."

Kazi yake. Masomo ya jioni, miaka minne, akisinzia kwenye basi. Kiti hiki. Jina hili la Mkasi. Vyote vikawa vimening'inia kwenye alama moja ya kalamu. Angeweza kulia. Angeweza kusema alisahau. Badala yake alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa laini kama kitambaa, akaisukuma mezani.

"Mwenyekiti, wewe husoma kila kitu. Soma na hiyo."

Profesa aliitambua kabla haijakunjuliwa. Akafumba macho.

Mzee akasoma. Mungu. Mama. Msimamizi. Mkutubi. Mlinzi. Rafiki wa chumbani. "*Nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomtaja jirani yangu, kwa jenereta yake ya kijani iliyonifaa wakati wa giza.*" Akageuza karatasi kuangalia nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Hao ndio watu wote waliohusika naye," Bi Mkasi alisema. Sauti haikutetemeka, alikuwa ameifanyia mazoezi miaka saba. "Amewahesabu mwenyewe, kwa mwandiko wake, na mimi nikawachapa. Nitafute mimi hapo. Kama nipo, nimedanganya. Kama sipo, jibu ni hapana, na aliyelitoa kwanza ni yeye."

Mhasibu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeumizwa, akasema: "Ametaja jenereta. Mpaka rangi."

Profesa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Haya ndiyo aliyoyangoja, Bi Mkasi alijiambia. Mtazame. Kula, ushibe. Akamtazama, na akagundua kwamba chakula cha kisasi kikishafika mezani kinakuwa kimepoa, lakini alikula hivyo hivyo.

"Hoja yako ni kali, mwanangu," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Ningekuwa bado shuleni ningekupa alama zote. Lakini fomu iliuliza habari za maisha, haikuuliza habari za ukurasa. Ripoti yako naiweka kando. Barua ya onyo utaipata kesho, na mwaka mzima hutakaa kwenye kamati hii. Sasa toka, tuamue wawili."

Alichukua karatasi yake, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akatoka bila mkasi.

* * *

Mapokezi palikuwa na viti vitatu, na kimoja kilikuwa na Mama Profesa. Redio alijifanya anapanga klipu. Alikuwa akipanga klipu moja.

"Wewe," yule mama alisema, akivaa miwani ya kamba ya dhahabu. "Wewe si yule binti wa kopi?"

"Ndiye, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akamtazama kuanzia utosini, akashuka, akapanda. Mazoea hayaishi. "Umenenepa. Inakupendeza. Umeolewa?"

"Mchapaji haolewi, Mama. Hulipwa. Sikumbuki nimelisikia wapi."

Klipu ya Redio ilidondoka sakafuni.

Mama Profesa aliyakodolea yale maua ya plastiki. "Mdomo ni jumba la maneno," akasema. "Nimemletea wasichana saba. Saba, nimewahesabu! Muuguzi, mwanasheria, mmoja ana nyumba yake mwenyewe. Anawasalimu vizuri, anawapa chai, halafu anarudi kwenye karatasi zake. Nikimuuliza, anasema, 'Mama, ulinichagulia mara moja, inatosha.' Unafikiri nimekuja hapa kwa ajili ya hesabu? Niliona jina lako kwenye barua ya mfuko. Nikasema, lazima niende nikamwone anavyomkata mwanangu. Mkosaji ni mimi, nisijifiche."

"Kwa hiyo unaomba msamaha?"

"Ah, tusiende mbio." Akarekebisha kamba ya miwani. "Nimekuja kuangalia tu."

Bi Mkasi alitaka kukasirika, kikamtoka kicheko cha puani. Akakigeuza kikohozi kabla mama hajakiona.

Mlango wa kamati ukafunguka. Profesa alitoka na faili lake, akasimama kati ya wanawake wale wawili kama mtu aliyeingia jikoni kwa bahati mbaya.

"Wamenipa," akasema, akimwelekea Bi Mkasi tu. "Wamekata kidogo. Mhasibu amekata. Alisema anakata kwa niaba yako."

Kumbe inauma hivi, kushindwa. Alinyanyua kidevu. "Hongera. Mgeni wako atakuja, wanafunzi wako watakuja. Nenda salama."

"Nukta, ngoja."

"Usiniite hivyo kwenye ofisi za watu."

"Mama aliniambia nilifute jina lako, na mimi nikalifuta. Simsingizii. Mkono ulikuwa wangu." Mama yake alijikunja kwenye kiti. "Nimewaambia Mzee na Mhasibu. Siku ya kufungua kongamano, kabla ya hotuba yoyote, nitasimama mbele ya wageni wote na kusoma ukurasa wa shukrani upya. Nitakutaja wa kwanza."

Redio alishika moyo kwa mikono miwili. Mhasibu alikuwa amechungulia mlangoni na leso yake. Kila mtu alingoja binti wa watu alie, ajitupe kifuani, mambo yaishe.

"Nani amekupa ruhusa?" Bi Mkasi aliuliza.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kulitaja jina langu. Uliniondoa bila kuniuliza, leo unataka kunirudisha bila kuniuliza. Usimame jukwaani, watu wakupigie makofi, useme uh, nimeutua mzigo, kisha ukale biskuti. Na mimi nikae wapi? Kwenye kiti cha mbele, nikitikisa kichwa kama mbuzi aliyerudishiwa kamba?"

"Basi unataka nini? Sema. Chochote."

Alitoa ile karatasi, akaishika baina yao, si ya kumpa, ya kumwonyesha.

"Jumamosi, saa tatu asubuhi, dukani kwa shangazi. Tasnifu yako utaichapa wewe. Yote."

"Kurasa mia moja arobaini na mbili?"

"Na hutatumia kompyuta. Kompyuta inafuta, na wewe kufuta unakujua mno. Shangazi ana taipureta ya zamani pale dirishani. Hiyo haifuti. Ukikosea herufi moja, ukurasa unaanza upya."

"Alama za hesabu je?"

"Utaacha nafasi, utachora kwa mkono. Na shukrani hutaziweka mbele kama watu wengine. Zako zitakuja mwisho. Ukifika huko ukiwa hai, nitakuambia kama jina langu limo."

Profesa alitazama mikono yake. "Nukta, mimi nachapa kwa vidole viwili. Unajua itanichukua muda gani?"

"Mimi imenichukua miaka saba."

Akageuka. Nyuma yake alimsikia Mama Profesa akimnong'oneza mwanawe, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka ghorofa ya juu: "Usisimame hapo kama nguzo. Umesikia, saa tatu. Saa tatu, si saa tatu na dakika tano!"

* * *

Jumamosi Profesa alifika saa mbili na nusu, shangazi hajamaliza hata kufagia.

"Aa, wa jenereta," shangazi alisema, akamwekea kigoda kifupi kuliko meza kwa makusudi.

Taipureta ilikuwa nzito kama kisiki. Profesa aliingiza karatasi ikakaa upande, akaitoa, akaingiza tena. Wateja wa kopi walisimama foleni wakimwangalia yule mtu mwenye tai akitafuta herufi moja moja kwa vidole viwili, ulimi nje. Ko. Ko. Kimya kirefu. Ko. Bi Mkasi alikaa kwenye mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki, amempa mgongo, akihesabu kila mdundo bila kutaka.

Ilipofika saa sita kasoro robo, taipureta ilinyamaza.

"Nimemaliza ukurasa wa kwanza," Profesa alisema. Shati limemlowa mgongoni. "Na nukta nimeweka. Zote."

Bi Mkasi alikuja, akauchomoa ukurasa kwenye roli, akausoma. Alisoma polepole, kichwa, mstari wa kwanza, wa pili, hadi chini. Kila nukta ilikuwa mahali pake, nyeusi, imekandamizwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka kidogo. Alisoma mara ya pili. Shangazi aliacha ufagio. Wateja waliacha kugombania foleni.

"Umekosea," akasema. "Anza upya."

Akaukunja huo ukurasa mara nne, akautia kwenye mkoba, palipokuwa na ile karatasi ya shukrani, akarudi kwenye kiti chake, akampa mgongo.

Hapakuwa na kosa hata moja. Profesa alijua, kwa kuwa alikuwa ameukagua mara sita kabla ya kumwita. Alivuta karatasi mpya, akainyoosha kwenye roli, akavikunjua vidole vyake viwili, akaanza upya.